Mzinga wa Marehemu

Sehemu ya tisa

Turudi ukutani, msomaji wangu, maana tuliuacha mzinga unaning'inia pale na watu wamekodoa macho.

Ni ukuta wa ukumbi wa gesti moja hapa Mpanda. Projekta inaunguruma. Ukutani kuna msitu wa gemu, miti ya miombo imechorwa hadi unatamani kukata kuni, na katikati ya msitu kuna mzinga mmoja wa rangi ya njano. Njano maana yake umetundikwa leo. Ubavuni mwake kuna alama: nusu duara na mikato miwili ya shoka.

Alama ya Dieudonne. Dieudonne yule yule tuliyemzika Mishamo kabla ya mavuno ya mahindi.

Method, mnunuzi aliyekuja kutoka Dar na viatu vinavyong'aa, akauliza mzinga ule ni wa nani. Kassiani, msemaji wa kampuni, akaanza kupekua makaratasi. Aliyejibu ni mjane.

"Ni wa mume wangu," Verdiana akasema, kama anayetaja bei ya fungu la nyanya.

Hakushtuka. Hakushika kifua. Aliutazama mzinga wa marehemu umetundikwa leo asubuhi, na ndani yake hakikutikisika kitu. Ukikalia mguu muda mrefu, ukiubana hausikii. Verdiana alikuwa hivyo mwili mzima, tangu siku ya mazishi.

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine limekuja limefungia maandazi, karibu. Nitakupa ya nyuma haraka, walionifuata tangu mwanzo wavumilie kidogo.

Kampuni inaitwa Mzinga Gemu. Ilizaliwa Ilembo, kwenye kibanda cha kuchaji simu, enzi zile umeme wa Mpanda ulikuwa wa majenereta na ukikatika hakuna anayeshangaa. Dieudonne, kijana wa Mishamo ambaye wazee wake walitoka Burundi, ndiye alikuwa mchajishaji. Verdiana, binti Mkonongo wa Inyonga, alileta simu kuchaji, akarudi kuichukua, kisha akaendelea kurudi hata simu ikiwa imejaa. Mnaelewa. Dieudonne alijifundisha kuandika programu kwenye kompyuta mbovu aliyoifufua mwenyewe, Verdiana alijua kuchora, na wakatengeneza gemu ya mtu anayetundika mizinga porini huku akikimbizana na nyegere, tembo na moto.

Nani angeinunua? Hakuna. Basi Dieudonne akafanya jambo ambalo hadi leo watu hawajakubaliana kama lilikuwa ujanja au uhuni. Kila simu iliyoletwa kuchajiwa ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na gemu ndani, bila kuuliza mtu. Mama wa watu anafika nyumbani, anabonyeza kiswaswadu chake amtafute mwanawe, anakutana na nyegere. Wengine walirudi kugomba. Wakimaliza kugomba wanauliza hatua ya pili inavukwaje.

Gemu ikapanda mabasi yenyewe. Ikafika Mamba, ikafika Inyonga, ikashuka hadi kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Akajiunga Kassiani, mtu wa mdomo, awe anaisemea. Zikaja simu za tachi, gemu ikahamia huko, wachezaji wakatoka nchi nzima. Na zile alama za ubavuni, kila mchezaji ana yake, ziliingia kwa sababu ya baba mkwe. Mzee Zakayo wa Inyonga ni mrina asali, na siku ya harusi alimkatia mkwe wake alama ya mizinga, kwa sababu kwake yeye mwanaume asiye na alama porini ni mpita njia tu.

Kisha lori la tumbaku likamgonga Dieudonne barabara ya Inyonga, akafa pale pale.

Sasa kampuni ya Method inataka kuinunua Mzinga, na Method hafichi: wakiinunua wataizima. Wanawataka wachezaji tu, wawahamishie kwenye gemu yao. Kazi ya mkono wa Dieudonne duniani ni hiyo moja, na mwenye uamuzi ni mwanamke asiyesikia chochote. Alipoulizwa wiki iliyopita kama anakubali kuuza alisema sawa, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

Haya. Tuendelee.

Method alizima projekta. Akasema taratibu kwamba marehemu hachezi gemu, kwa hiyo ama kampuni inapika idadi ya wachezaji, ama kuna mtu anashika simu ya marehemu. Anataka kujua ni lipi, leo, la sivyo anarudi Dar.

Kassiani akageuka kwa Verdiana mara moja. Huyo ndiye Kassiani, maji yakifika shingoni hutafuta mgongo wa kupanda. Akamwambia Method kwamba wajane huchanganyikiwa, kwamba shemeji yake huenda anacheza akijifariji.

"Sijacheza," Verdiana akasema. "Alama inakaa kwenye simu. Simu yake tulimpa mama yake, pamoja na nguo."

"Mama yake yuko wapi?"

"Mishamo."

Method akachukua funguo za gari. Kassiani akasema barabara ni mbovu. Method akasema gari ni zima. Kassiani akasema bibi yule ni mzee, hajui mambo haya. Method akamjibu kwamba ndiyo maana anataka kumwona: kampuni yake iliwahi kununua mali ya marehemu kwa mjane, ndugu wakaibuka baadaye wakawaburuza mahakamani, na hawatarudia kosa. Mama asikie biashara hii kwa masikio yake.

Kassiani akapanda gari. Ungemwona alivyopanda, ungesema anapelekwa kung'olewa jino.

Vumbi la Mishamo sitakuchosha nalo. Verdiana alikaa nyuma, mkono wake umelala kwenye kioo chenye jua. Kioo kilipowaka moto hakuuondoa. Method alimwona kwenye kioo cha mbele, akamwambia ataungua. Akautazama mkono kama wa mtu mwingine, kisha akautoa.

Walimkuta Bi Vénérande uani amekaa mkekani, na simu ya mwanawe imelala kwenye khanga mapajani pake. Hakuificha.

Verdiana akapiga magoti akamsalimu, "Mabukwe, shikamoo," kwa lile neno la Kirundi la mama mkwe alilofundishwa na mumewe. Mama akaitika bila kumtazama. Ndipo Verdiana akamuuliza nani ametundika mzinga leo.

"Mimi," Bi Vénérande akasema. "Leo, na jana, na juzi. Kila siku nikimaliza kusali. Wewe ulifikiri nani?"

Akaeleza, na alieleza akimwangalia Method, maana alikuwa mgeni na mgeni haeleweshwi kwa hasira. Gemu ile ina sheria aliyoiweka Dieudonne mwenyewe: msitu usiotunzwa huingia moto. Ukiungua, mizinga yote inakwisha, na alama inakuwa huru, anaweza kuichukua yeyote. Mwanawe alimfundisha kucheza zamani wakicheka, siku za kutembeleana. Alipokufa, mama alisubiri mkwe wake aje aichukue simu, autunze msitu. Akaona siku zinapita. Akaona moto umeanza pembeni. Basi akaushika yeye.

"Nilisema mtu wangu amekufa mara moja, inatosha. Alama yake isije ikachukuliwa na mhuni wa Dar. Samahani mwanangu," akamwambia Method.

Method akasema hakuna neno. Unaona mambo yalivyogeuka? Wasiwasi wake ulikwisha pale pale, mchezaji ni wa kweli na ana afya. Akatamani hata kumpiga picha ya tangazo, bibi na gemu, akajizuia kwa adabu. Akaeleza biashara yote, hakuacha hata lile la kuzima gemu. Kassiani akaanza kupumua.

Asingepumua mapema.

"Haiuzwi," Bi Vénérande akasema. "Hatujaganduka."

Method akauliza ndiyo nini. Verdiana akamweleza: kuganduka ni kumaliza msiba. Ndugu wanakusanyika, wanakunywa pombe ya mtama, matanga yanaondoka nyumbani, na mbele ya wote anatajwa atakayesimama mahali pa marehemu. Kabla ya hapo mali yake haigawanywi wala haiuzwi, na anayemsemea ni mjane peke yake.

"Basi gandukeni," Method akasema, na alisema kwa nia njema kabisa. "Shida iko wapi?"

Hapo bibi akawaka. Shida iko Inyonga, akasema. Watoto hawa walipooana, Mrundi na Mkonongo, kila upande ulikuwa na mila zake na wazee walikaribia kugawana ngumi. Mwisho wakapatana: kwenye raha na kwenye msiba, pombe itatoka Mishamo na asali itatoka Inyonga, vitachanganywa chungu kimoja. Mjane akionja, msiba umetoka. Mtama wake ulishaota, ulishasagwa, umekaa hadi umeingia wadudu. Asali haijaletwa. Mzee Zakayo amekaa Inyonga na mizinga yote ile hajatuma hata kijiko, wala hajaja kuichukua alama aliyomkatia Dieudonne.

"Baba yako ametudharau," akamwambia Verdiana. "Na wewe hujamuuliza."

Ni kweli hakumuuliza. Baba yake alimpigia siku moja akilalamika kwamba wakwe zake wa Mishamo hawana shukrani. Verdiana alisikia maneno, akasema ndiyo baba, akakata simu, akaenda kukaa. Hakuuliza shukrani ya nini. Mtu mwenye ganzi haulizi.

"Mpigie sasa," bibi akasema. "Nisikie."

Verdiana akapiga, akaweka sauti ya juu, simu akailaza mkekani. Mzee Zakayo akapokea kwa kelele za wazee wa porini, akamsalimu binti, akasalimia nyumba yote. Verdiana akamuuliza kwa nini hakutuma asali ya msiba.

Kisha mzee akasema kwa upole, jambo ambalo kwake ni adimu:

"Mwanangu, asali nilituma. Mwezi ule ule tuliozika. Nilimpa mwenzenu Kassiani, alipita hapa akaniambia anakwenda Mishamo. Ndoo ya kijani, nimeifunga mwenyewe kwa gome. Kimya chenu ndicho kimenikalisha huku. Nikasema Warundi wamepokea asali yangu, hata asante hawana."

Macho yote yakamwendea Kassiani.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na huyu alikuwa amekaa mkeka mmoja na msiba. Familia mbili zilikuwa zimekunja miguu, kila moja ikiiona nyingine haina adabu, na katikati yao alikuwa mtu mmoja na ndoo moja.

Kassiani akajitetea. Safari zilikuwa nyingi, Mishamo ni mbali, alisahau, aliiweka ofisini kwa muda tu. Method, ambaye alikuwa anajua watu kuliko alivyojua mila, akamkatisha.

"Hukusahau," akamwambia. "Msiba ukiisha anatajwa mrithi. Mrithi angeweza kukataa kuuza. Usipoisha, na mimi nisijue mila, anayesema ni dada huyu peke yake, na dada huyu anakubali kila kitu."

Kassiani akainamisha kichwa. Mwisho akasema kwa chini kwamba kampuni ilikuwa inakufa, kwamba mwandishi wa programu alikuwa mmoja naye ameoza, kwamba bora kuuza ikiwa bado inapumua. Huenda hata aliamini. Sitaki kumtetea, lakini nimeona wezi wengi wanaoamini.

"Asali iko wapi sasa?" bibi akauliza.

Kassiani akamtupia jicho Verdiana.

"Nimeila," Verdiana akasema.

Bibi akamgeukia.

"Ilikuwa ofisini," Verdiana akaendelea. Sauti yake ilikuwa ile ile tambarare. "Kila asubuhi Kassiani ananitilia kwenye chai. Ananiambia kunywa shemeji, upate nguvu. Imekwisha juzi."

Method akasema haraka kwamba basi dada hana kosa, alilishwa bila kujua, tatizo limekwisha, mzee atume nyingine. Kassiani naye akatikisa kichwa kukubali. Hata bibi uso wake ulianza kulegea, akanyoosha mkono amshike mkwe wake begani. Na hapo hapo, kama Verdiana angenyamaza, hadithi yangu ingeisha leo, tungekula pilau.

Hakunyamaza.

"Nilijua," akasema.

Mkono wa bibi ukabaki hewani.

"Asali ya baba naijua tangu sijaota meno. Ina moshi wake. Ile ndoo nilipoiona nilijua ni yake, nilijua ya nini, nilijua inatakiwa iwe huku. Sikuuliza. Mabukwe, miezi hii yote chakula hakina ladha, maji hayana baridi, watu wananishika mkono siwasikii. Ile asali tu ndiyo nilikuwa naisikia. Kijiko kimoja, kidogo tu, halafu inapotea. Nikasema kesho sitaonja. Kesho naonja."

Mwonja asali haonji mara moja. Tunausema msemo huu tukicheka, kwenye mambo ya mapenzi na ya ulaji. Pale uani Mishamo hakuna aliyecheka.

"Na nilitaka uishe," akamalizia. "Nilitaka msiba uishe bila mimi kusimama mbele ya watu wanaongoja nilie."

Bi Vénérande akaurudisha mkono wake taratibu, akauweka juu ya simu ya mwanawe. Alipoongea hakupaza sauti. Alisema kwamba basi mwanamke huyu amekwisha kuganduka. Ameonja asali, tena si mara moja, na wazee walisema mjane akionja msiba umetoka. Umetoka kwake peke yake. Wao huku bado wanaomboleza, lakini yeye ameshatoka mlangoni, tena kwa miguu yake. Si mjane wa mwanawe tena. Hamfukuzi na hamlaani. Amsalimie baba yake.

Kisha akamwelekea Method, akapapasa mkeka pembeni yake.

"Kaa chini, mwanangu. Mila ya kungoja imeshavunjwa, mrithi bado hajatajwa na mjane hayupo. Aliyebaki wa kumsemea ni mimi niliyemzaa. Tuongee hiyo biashara yenu."

Method akashangaa. Akamkumbusha kwamba wakinunua, gemu itazimwa, na mzinga ule anaoutundika kila siku utapotea.

"Nimesikia," bibi akasema. "Ule moto nimeuzima peke yangu tangu tumzike. Naamka, magoti yanauma, macho hayaoni vizuri, nauzima. Kesho uko tena. Nilikuwa namngoja mke wake aje anipokee. Kumbe alikuwa anakula asali. Nimechoka. Mzimeni nyie, apumzike."

Na hapo ndipo ganzi ilipoisha.

Unajua inavyoisha. Haiishi kwa raha. Damu inarudi kwenye mguu na mguu unachoma, unatamani ungebaki umekufa. Verdiana akauhisi mkono wake uliochomwa na kioo cha gari, akahisi kokoto chini ya magoti, akamhisi Dieudonne hayupo, hayupo kabisa, na akaanza kulia. Alilia kama watu wanavyolia siku ya mazishi, yeye ambaye siku ya mazishi alitazama udongo ukishuka akawaza kama amefunga mlango wa ofisi. Majirani wakasikia. Wawili wakachungulia kwenye ua wa mabua.

Hakuna aliyemwambia pole. Pole huambiwa mfiwa, na mfiwa hakuwa yeye tena.

Alitambaa hadi ukingo wa mkeka, akashika pindo la khanga ya mama mkwe wake. Miezi yote ile hakuwa ametaka kitu chochote duniani, wala chakula, wala hela, wala kulala. Sasa alitaka.

"Usiiuze," akasema. "Nakuomba. Usiiuze."

Bi Vénérande alilitoa pindo lake mikononi mwa Verdiana, kidole kimoja kimoja, bila kuvuta. Akamtazama Method, akatazama ua, akatazama majirani waliokuwa wakichungulia, kama mtu aliyesikia sauti na hajui imetokea upande gani.

"Nani anasema?" akauliza.

Method akavua viatu vyake, akakaa mkekani.